Kanga ya Mwenyekiti

Siku niliyomwambia mume wangu kwamba nimepata kazi ya kuangalia watu wa kifungo cha nje, alicheka mpaka kuku wakahama banda. Walirudi keshokutwa yake, wamekonda.

"Wewe?" akasema, anajifuta machozi. "Darasa la saba, na lenyewe ulilimaliza kwa kusukumwa kama gari bovu! Utamwangalia nani? Labda dagaa, maana wao hawatoroki, wameshakufa."

Nikamwambia, "Cheka baba, cheka taratibu usije ukateguka mbavu. Ukimaliza, hao dagaa utakaanga mwenyewe. Mimi kesho naenda ofisini."

Na nikaenda. Alikaanga mwenyewe, akaunguza, jirani akaja na ndoo ya maji akidhani nyumba inaungua.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, ngoja nieleze. Kuna watu mahakama inawakuta na hatia, lakini kosa lenyewe siyo la kwenda kumbana mtu gerezani. Basi hakimu anamwambia, wewe lala kwako, kula kwako, lakini kwa miezi fulani utafagia zahanati au utalima shamba la shule, bure, na afisa uangalizi atakuwa anakuchungulia. Ukimaliza, umemaliza. Ukikataa, unarudishwa kwa hakimu, na safari hiyo mlango unafungwa kwa nje.

Afisa uangalizi wetu pale Mbinga mjini alikuwa mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Kanda ya Ziwa. Ziwa lingine hilo, wao wanadai ni kubwa kuliko la kwetu. Nilimsamehe, mtu hachagui pa kuzaliwa. Alikuwa mteja wangu sokoni. Mimi nilikuwa nauza dagaa na mbasa wakavu kutoka kwetu Nyasa, nimepanda na kushuka ule mlima na magunia yangu mpaka kona zote za ile barabara zikawa zinaniamkia shikamoo.

Siku moja akaja mbio kwenye meza yangu. "Dada, wewe si mtu wa ziwani? Njoo unisaidie, nina mzee ofisini simwelewi."

Nikaenda na mikono yangu ya samaki. Nikamkuta mzee wa kwetu amekaa kama gogo. Kiswahili alikijua, lakini kilikuwa Kiswahili cha kutulia. Akikasirika kilimkimbia, anabaki na Kinyasa peke yake. Nikamwamkia kwa lugha ya nyumbani, nikamuuliza habari za nyavu zake, habari za mkwe wake, nikamtania kidogo. Yule mzee alicheka, akalia, akaeleza mambo yote tangu alipobatizwa mpaka alipoiba kasia. Mama afisa akawa ananitazama kama mtu aliyeokota kuku asiye na mwenyewe.

"Kesho unaweza kuja tena?"

"Na dagaa wangu?"

"Waje nao."

Ndivyo nilivyoanza. Walikuwa wanatafuta watu wa kujifunza kazi kwa kujitolea, na sharti lilikuwa cheti cha kidato cha nne. Mimi sina hata picha ya kidato cha nne. Yule mama akaenda kubishana na wakubwa zake. Sijui aliwaambia nini, ila alirudi na jasho na akaniambia, "Umeingia. Utajifunza kazi kwa vitendo, mshahara hakuna, nauli nitakutafutia. Wakiona unafaa, watakuingiza kwenye wasimamizi wa kujitolea. Wakiona hufai, mimi ndiye nitakayechekwa."

"Hatutachekwa," nikamwambia. "Au tukichekwa, tutacheka kwanza."

Kwenye korido ya zile ofisi kulikuwa na karani mmoja wa kunyoosha shingo. Akisikia napita anaziba pua: "Haya, mama dagaa amekuja kuwanusisha wafungwa." Nikamwambia, "Mwanangu, harufu yangu inatangulia kufika, kwa hiyo mimi sijawahi kuchelewa kazini. Wewe je?" Siku hiyo alikuwa amechelewa. Alifunga dirisha.

Mama afisa alinifundisha kazi huku tunatembea. Kwanza alinikataza neno mfungwa. "Ana jina," alisema, "na ana mama yake." Halafu akanifundisha kwamba ukifika kwa mtu usisimame mlangoni kama polisi. Kaa chini, omba maji ya kunywa. Mtu aliyekupa maji kwa mkono wake anapata shida kukudanganya. Nilikunywa maji ya watu mle wilayani, Namswea kote, Kitura kote, mpaka nikitembea nasikika kama mtungi.

Ndipo likaja la yule baba wa milimani.

Kijiji chenyewe kiko huko nyuma ya Maguu, sikitaji, wenyewe wanajijua. Alikuwa mtu mzima, mkulima wa kahawa, ana wajukuu. Mbuzi wa jirani waliingia kwenye maharage yake. Akaenda kuongea na jirani, maongezi yakawa mafupi, akayamalizia kwa kigoda. Jirani alipoteza meno mawili ya mbele, na yaliyobaki mpaka leo yanatetemeka yakiona kigoda. Hakimu akampa kifungo cha nje: asubuhi alime shamba la shule ya msingi pale kijijini, mchana aende kwake. Hukumu ya haki, hata mwenyewe hakubisha. Shida ni kwamba wa kumpangia kazi kila siku alikuwa Mwenyekiti wa kijiji, na Mwenyekiti alikuwa shemeji wa yule mwenye mapengo.

Haikupita muda simu ikalia ofisini. Mwenyekiti. Sauti yake ilijaa chumba kizima bila spika.

"Mtu wenu amekataa kazi! Amekataa hadharani, ametupa jembe. Mwambieni hakimu amchukue."

Mama afisa alikuwa anaondoka kwenda Songea kikaoni, begi liko mkononi. Akaniangalia.

"Utakwenda wewe. Peke yako. Ukaone kwa macho yako. Wiki ijayo yuko mbele ya hakimu. Kama kweli amekataa kazi, hakuna namna, anaingia ndani, na mavuno ya kahawa yatamkuta huko huko. Kahawa yote atabaki nayo mkewe."

"Na kama hajakataa?"

"Basi awe shambani kabla ya siku hiyo. Mimi siwezi kumtetea mtu aliyekaa nyumbani."

Nikapanda bodaboda. Ile milima imesimama kama ukuta wa kanisa. Ukidondosha kiazi huku juu, anayekiokota ni mtu wa kata nyingine. Na baridi! Mimi mtu wa ziwani, kwetu tunalala mlango wazi. Meno yangu yaligongana mpaka dereva akasimamisha pikipiki, akashuka, akaanza kukaza nati.

Mwenyekiti nilimkuta nje ya ofisi yake, ana koti kubwa la kutosha familia.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele amina. Afisa yuko wapi?"

"Amenituma mimi."

Akanitazama kuanzia viatuni. "Wewe si yule muuza dagaa wa sokoni?"

"Ndiye. Na wewe si yule anayeshusha bei mpaka dagaa wanaona aibu?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. Akanipeleka kwenye shamba la shule. Ni mteremko mkali, na chini nyasi zilizokatwa na kukauka zimepangwa mistari, mingine inakwenda hivi, mingine inaikata hivi, miraba miraba kama shati la drafti. Juu kidogo nyasi zilikuwa bado zimetawanyika, hazijapangwa.

"Unaona?" akasema. "Nyasi tulishampangia. Kazi yake ilikuwa kuchimba tu udongo katikati ya mraba na kufukia nyasi. Nilimpa jembe, akalitupa, akaondoka. Uvivu! Nenda kamwambie hakimu."

Kwetu ziwani tunalima mihogo kwenye matuta, na anayechimba ni yeyote mwenye mikono. Kwa hiyo mimi sikuona ajabu yoyote hapo. Nikasema moyoni, kumbe kweli, hili zee vivu. Nikashuka kwake moto unatoka puani.

Mkewe alikuwa uani anachambua mbegu za maharage kwenye ungo. Mwenyewe amekaa kwenye kigoda, bila shaka kile kile. Nikakaa, nikaomba maji. Mama akaleta kwenye kata. Nikanywa, nikarudisha, nikafungua mdomo.

"Baba, shikamoo. Kwa nini unataka kwenda jela?"

"Marahaba. Wamekwambia nilitupa jembe?"

"Wameniambia."

"Nililitupa kweli. Wamekwambia na kanga?"

"Kanga gani?"

Mkewe ndiye aliyesema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Dada, wewe siyo wa huku. Huku kwetu ni ngolo, haya mashimo unayoyaona milima yote. Mwanaume anafyeka, anapanga nyasi miraba. Kuingia katikati na jembe, kuchimba shimo na kufukia nyasi, halafu kupanda maharage, hiyo ni ya mwanamke. Ndivyo tulivyokuta."

"Mwenyekiti analijua hilo," akasema baba. "Kwa hiyo siku moja kabla, akawaita wanaume wengine wakapanga nyasi zote za chini, ili mimi nikifika nikute ya kike tu imebaki. Halafu akaita watu. Nilipoinama kushika jembe akanirushia kanga begani. Akasema, 'Jifunge, mama, usije ukachafua suruali.' Vijana niliowasimamia ubatizo, wangu mwenyewe, wakanipigia vigelegele."

Hapo nikaelewa. Na nilipoelewa nikakasirika pande mbili kwa mpigo, kama mtu anayetafuna pilipili huku amekanyaga moto.

"Kwa hiyo umeamua jela," nikamwambia.

"Bora jela. Jela wote wanaume."

"Jela watakupa jembe hilo hilo! Wewe unadhani askari wa magereza atakuuliza, samahani mzee, kwa desturi za kwenu ungependelea upande upi wa shamba?"

Akatazama pembeni. Mkewe akaweka ungo chini. Taratibu kabisa, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Baba," akasema, "mimi naingia kwenye yale mashimo tangu nikiwa bibi harusi. Nimeingia nina mimba. Nimeingia nina homa. Kumbe miaka yote nilikuwa naingia kwenye aibu? Ungeniambia mapema, ningebaki kitandani."

Jamani. Hata kuku wa pale uani waliacha kudonoa.

Mwisho mzee akasema kwa sauti ndogo, "Jembe lako silidharau, mama. Ulijue hilo. Ni ile kanga. Ni vile vigelegele."

Basi nikajua kidonda kiko wapi. Siyo mkononi, ni masikioni. Na mimi masikio yangu yameshapigwa kelele sokoni mpaka yameota sugu.

"Sikiliza, baba," nikamwambia. "Kesho asubuhi vigelegele vitapigwa tena, lakini vitapigwa kwangu. Wewe njoo usimame kwenye uzio, uangalie. Hilo tu. Kusimama kwenye uzio siyo kazi ya mwanamke, au nayo mmeigawa?"

Mkewe akacheka ndani ya kiganja.

Nikalala kwa mama mmoja wa jumuiya yao, akanifunika mablanketi mpaka nikawa kama kipande cha muhogo ndani ya majivu. Asubuhi nikamwomba suruali ya mume wake na kofia yake. Suruali ilikuwa ya mtu mrefu. Niliikunja mpaka nikawa nimevaa suruali mbili. Nikaenda shamba la shule, nikapanda pale juu ambako nyasi hazijapangwa, nikaanza kupanga.

Sasa kupanga nyasi, ukiwatazama Wamatengo, unadhani ni mchezo. Mtu anatembea na mafungu, anaweka hapa, anaweka hapa, mstari umenyooka kama umepigwa kwa kamba. Mimi wa kwangu ulianza vizuri, halafu ukakutana na jiwe ukazunguka, halafu ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Mraba wangu wa kwanza ulikuwa na kona tano. Wa pili ulikuwa na umbo la samaki, na mkia ulikuwepo.

Habari zilisambaa kijijini kabla sijamaliza wa tatu. Walikuja wote: wanawake na majembe yao wanaelekea mashambani, vijana wa vigelegele, walimu wawili kwenye veranda wanajifanya wanasubiri kengele. Wakaanza.

"Mama wa ziwani anatega nyavu!"

"Hilo shamba au ramani ya barabara ya kushuka Nyasa?"

"Dada, hapo unapanda maharage au unazika nyoka?"

Nikawajibu mmoja mmoja. Watu wa milimani na sisi wa ziwani tunataniana tangu zamani, huo ni mpira wa nyumbani. "Mnacheka nini, watu msiojua kuogelea! Ziwa likipanda mpaka hapa mtanitafuta niwabebe mgongoni!" Na kadiri walivyocheka ndivyo nilivyozidisha mikogo, naweka fungu, narudi nyuma nafumba jicho moja, napima kama fundi wa kanisa.

Mwenyekiti akatokea, koti linapepea.

"Wewe mama! Huku mwanamke hapangi nyasi!"

"Nionyeshe kwenye amri ya hakimu pameandikwa wapi."

"Ni mila!"

"Vizuri. Kama ni mila, ile juzi mila ilikuwa imesafiri?"

Watu wakasema eeeh, ile ndefu. Wanawake wenye majembe ndio waliovuta zaidi.

Na kwenye uzio, jamani, nikamwona. Amesimama na mkewe. Haangalii watu, haniangalii mimi, anaangalia nyasi zangu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona mtoto amepanda juu ya paa. Nikaongeza mstari mmoja, mrefu, mnyoofu kuliko yote, nikaona fahari: umeanzia juu kabisa ya mteremko ukashuka moja kwa moja mpaka chini.

"Wewe mama wa dagaa!" akapiga kelele. "Hapo unachimba mfereji! Mvua moja tu hiyo, shule nzima inakwenda ziwani!"

"Si ndiyo itanifikisha nyumbani bila nauli!"

"Toka! Toka hapo! Jamani hamuoni? Maji yanatakiwa yakamatwe kwenye shimo, yeye anayafungulia bomba!"

Akaruka uzio. Mtu mwenye wajukuu, aliruka ule uzio kama beberu. Akaninyang'anya nyasi mkononi, akapangua mstari wangu wote huku ananung'unika kwa Kimatengo maneno ambayo sikuomba tafsiri. Akapanga upya. Vigelegele vilikuwa bado vinapigwa, lakini vya kwangu, yeye hata hakuvisikia. Mstari wa kukata mteremko, mstari wa kuukata ule, mafungu yanakaa yenyewe kama yanamjua.

Alipomaliza akainua kichwa, akagundua amesimama katikati ya shamba, na watu wote wanamtazama. Mwenyekiti akaona nafasi yake.

"Nyasi siyo kazi aliyopangiwa! Yeye amepangiwa jembe. Kama hachimbi, amekataa!"

Mzee akaangalia chini. Nikajua ndiyo hapa; akitoka tena kwa mguu wake, mimi sina la kumpelekea mama afisa.

Mkewe akapita katikati ya watu, jembe begani, akamshikisha mpini. "Shika," akasema. "Ni jembe, siyo nyoka. Mimi naanza mraba huu, wewe ule. Tuone."

Akachimba. Nami nikachukua jembe jingine, nikaingia mraba wa tatu. Na mzee wa watu alivyokuwa hajui! Yeye ni fundi wa nyasi, lakini shimo lake lilikuwa kama mahali alipolala nguruwe. Wanawake wakashindwa kuvumilia, wakaja juu yake.

"Baba, udongo unafukia nyasi, siyo miguu yako!"

"Kina, baba, kina! Hapo hata chura hapati bafu!"

"Leo ndiyo utajua kwa nini mkeo akirudi hapendi kuongea!"

Kicheko kilikuwepo, kikubwa kuliko cha juzi. Lakini kilikuwa kicheko kingine, kile cha kumfundisha mtu. Na mzee akacheka nacho, jasho linamtoka.

Mwenyekiti akafanya jambo moja la mwisho. Akatoa kanga kwenye mfuko wa koti, ile ile, akaikunjua hewani, akamwendea. Mimi nilikuwa karibu. Nikaipokea kabla haijafika.

"Asante sana, Mwenyekiti! Suruali hii inanishuka tangu asubuhi, nilikuwa natafuta cha kufungia kiuno." Nikajifunga pale pale, fundo la nguvu. "Wewe kweli kiongozi, unajua shida za watu."

Mwenyekiti akaondoka, na koti lake likamfuata kwa mbali kama halimtaki.

Wiki iliyofuata tukawa mbele ya hakimu. Mama afisa alikuwa amerudi; nilimweleza yote, na suruali nikamweleza. Alishika kichwa, halafu akasema, "Utasema mwenyewe. Mimi sikuwepo." Mzee tangu ile asubuhi alikuwa anakwenda shambani kila siku, lakini Mwenyekiti naye alifika, na shauri lake lilikuwa fupi: mshitakiwa alikataa kazi, na huyu mama ameingilia uongozi wa kijiji, tena ni muuza samaki, hana elimu.

Hakimu akaniangalia juu ya miwani. "Wewe ni afisa uangalizi?"

"Hapana, mheshimiwa. Najifunza."

"Elimu yako?"

"Darasa la saba, mheshimiwa. Nilisukumwa kidogo."

Nyuma watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Alikataa kazi au hakukataa?"

Nikasema. "Mheshimiwa, jembe alilitupa kweli, siku moja, sifichi. Lakini wewe ulimhukumu kulima. Kuvalishwa kanga mbele ya watoto wake wa ubatizo hukumhukumu wewe, kuna mtu aliongeza kutoka kwake. Alipopewa kulima tu, bila kanga, amelima. Kama anakwenda ndani kwa sababu ya ile nyongeza, basi mwenye nyongeza naye apewe jembe."

Mama afisa akakohoa. Sijui kilikuwa kikohozi cha kusema nyamaza au cha kusema endelea. Mimi nilikichukua kama cha kusema endelea, ila maneno yalikuwa yameisha.

Hakimu akamgeukia mzee. "Wewe. Uko tayari kuendelea na kazi mpaka mwisho?"

Mzee akasimama, kofia mikononi. "Niko tayari, mheshimiwa. Nyasi na jembe, vyote. Nina ombi moja tu."

"Ombi gani?"

"Huyu mama asiguse nyasi tena."

Hakimu alicheka. Wallahi, hakimu, na koti lake jeusi, alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena akasema mzee aendelee, na wa kumpangia kazi kuanzia siku hiyo awe mwalimu mkuu, siyo Mwenyekiti.

Alimaliza. Kahawa yake aliivuna mwenyewe na mkewe. Na nilisikia kwamba msimu uliofuata alionekana kwenye shamba lake mwenyewe, ndani ya shimo, na jembe, asubuhi kabla watu hawajapita. Walipopita hakutoka.

Mimi niliingizwa kwenye wasimamizi wa kujitolea. Mpaka leo hii nazunguka vijiji, naomba maji, na wako bado wanaoziba pua. Wazibe, pua ni zao. Mume wangu siku hizi akiulizwa mkewe anafanya kazi gani anasema "yuko mahakamani," anaacha watu wahangaike kujua upande upi.

Kanga ninayo. Kumbe ilikuwa ya mke wa Mwenyekiti, mumewe aliichukua kwenye kamba ya kuanikia bila kumwambia, na nyumbani akawa hapewi amani. Akatuma mtu mpaka sokoni anaidai.

Nikamwambia yule mtu, "Nenda kamwambie Mwenyekiti mali yake ipo, safi, nimeifua. Aje mwenyewe. Lakini aje na jembe, tushuke wote pale shamba la shule, ajifunge hii kanga, achimbe shimo moja tu. Halafu namkabidhi."

Hajaja. Nikienda kwenye mikutano ya kijiji kile najifunga hiyo hiyo, nakaa benchi la mbele.